Tabia Ina Saa Yake

Wapendwa akina mama, mtu akituuliza ni tabia gani tungependa kuiacha, wengi wetu hatutataja ulevi wala wizi. Tutataja mambo madogo ya kila siku: kusengenya, kukopa dukani pasipo lazima, kushika simu mpaka mboga inaungua, kufokea watoto. Tunayaita madogo, lakini ndiyo yanayojenga nyumba au kuibomoa. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya moja tu kati ya hayo, nalo ni kufoka.

Hatusemi mama asimwonye mtoto. Kuonya ni wajibu wetu. Kufoka ni kitu kingine: ni sauti inayotoka kabla mama hajafikiri, na kila jioni ni ile ile. Mtoto anayefokewa kila siku hajifunzi adabu, bali hujifunza kuficha. Leo anaficha sahani iliyovunjika. Kesho ataficha kwamba kuna mtu mzima anayemshika vibaya njiani, au binti atanyamaza miezi mitatu kwamba hajaona siku zake. Siku hiyo mtoto atamhitaji mama anayeweza kumwendea na habari mbaya. Je, atakuwa naye?

Tabia huingiaje? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alisimulia katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, habari za mama yake Monika. Alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, wa mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alipokuwa msichana, wazazi wake walimtuma kuteka divai kwenye pipa. Akawa anaonja kidogo kwa ncha ya midomo, kwa utundu wa kitoto tu, maana hakuipenda ladha yake. Kila siku akaongeza kidogo, hata akafikia kunywa vikombe karibu vijae. Wazee wetu walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Siku moja mtumishi wa kike aliyezoea kwenda naye pipani aligombana naye, akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika; akaiona tabia yake jinsi ilivyo, akaiacha.

Tuangalie mambo mawili hapo. Kwanza, tabia ile ilikuwa na mahali pake, yaani penye pipa. Pili, haikuondoka mpaka ilipotajwa kwa jina.

Kufoka nako ni hivyo hivyo. Kuna nafasi, kuna tendo, na kuna malipo. Nafasi ni saa kumi na mbili jioni: mama ametoka kazini au shambani, ana njaa, mkaa haujashika, na mtoto anamwaga maji aliyotumwa. Tendo ni kufoka. Malipo ni ule ukimya unaofuata, maana nyumba nzima hutulia mara moja. Mwili wa mama unajifunza kwamba kufoka kunaleta utulivu, na kesho yake unarudia bila kuuliza.

Ndiyo maana nadhiri nyingi za Jumapili hazifiki Jumanne. Kanisani tumetulia, tumeimba, hakuna maji yanayomwagika. Tabia haikuwapo pale. Ilikuwa inatungoja jikoni saa kumi na mbili. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 7, analalamika kwamba lile asilolipenda ndilo analolitenda. Basi tusijidharau. Tuifuate tabia kwenye saa yake.

Fanya hivi, mama. Kwa wiki moja usijaribu kuacha. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, na kila unapofoka andika saa na kilichotangulia. Huenda ukakuta kwamba hufoki kutwa nzima, bali ni saa mbili tu, jioni na asubuhi ya shule.

Kisha ibadili saa hiyo. Kama ni njaa, kunywa kikombe cha uji kabla ya kuanza kupika, na watoto wapate kipande cha muhogo. Kama ni soksi zilizopotea asubuhi, zitafutwe usiku.

Halafu weka kitu kingine mahali pa tabia ile. Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 12, alisimulia habari za pepo mchafu aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa lakini ni tupu, akaingia na wenzake saba. Tabia iliyofukuzwa bila kupata mrithi hurudi vivyo hivyo. Mrithi wa kufoka ni miguu. Jiwekee sheria kwamba husemi na mtoto aliye chumba kingine. Unamwendea, unamshika bega, unamtaja jina, unasema kwa sauti ya chini.

Tena, mwambie mtu. Mwombe mumeo au dada mmoja wa jumuiya akukumbushe, ila kwa upole kuliko yule mtumishi wa Monika. Na ukiteleza, mwambie mtoto, "Mwanangu, nisamehe, nimekufokea." Heshima yako haitapungua. Mtoto atajua kwamba katika nyumba hii mtu akikosa huweza kusema.

Mwisho, tuwe na subira. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa matokeo ya kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani, ilichukua siku 66 tabia ile kuwa kama ya kawaida. Kwa wepesi wao ilikuwa siku 18, na kwa wazito ilikadiriwa kufika siku 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo hata siku 40 za Kwaresima ni mwanzo tu kwa wengi wetu.

Lakini kama unafoka kwa sababu unapigwa, au tangu ulipojifungua moyo umekuwa mzito na machozi hayakauki, hilo si suala la mazoea. Mweleze mganga wa kliniki, na mtu unayemwamini kanisani. Usilibebe peke yako.

Tumwombe Mungu neema, kisha leo jioni, kabla ya saa kumi na mbili, tunywe uji.