HABARI ZA TULIOSOMA PAMOJA: MWENZETU NI NANI?



Tuliwaahidi habari za mkutano wetu, sisi tuliosoma shule moja ya msingi huku Chita, chini ya milima ya Udzungwa. Alhamdulillahi, mkutano umefanyika salama, na wenzetu walifika kutoka Ifakara, Mlimba, hata Dar es Salaam.

Sisi ni watoto wa Azimio la Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto apate nafasi ya kuingia shule ya msingi. Walimu wetu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Na wakati huo reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa toka 1970 hata 1975, ilikuwa ingali mpya. Wengi wetu tulijifunza kuhesabu kwa mabehewa, na honi ya ile treni tuliyoiita Kipisi ilipolia, darasa zima lilisahau hesabu za kuzidisha.

Basi tulikuwa katika kucheka na kukumbushana, mtunza hazina akisoma majina, mmoja wetu alipomwona mwenzetu wa zamani ameketi nje chini ya mwembe pamoja na wapishi. Alikuwa ameleta nusu gunia ya mchele kwa ajili ya chakula chetu. Alipoulizwa kwa nini haingii, alijibu, “Mimi niliishia la tatu. Kanuni yenu yasema mwanachama ni aliyemaliza la saba.”

Tulinyamaza, kwani sote tulijua sababu. Shamba la baba yake lilikuwa mbali bondeni, ng’ambo ya maji. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, nyumba yote ilihamia kwenye dungu, na kijana akawa wa kuamia ndege mpaka mavuno. Sisi wengine wazee wetu walihama vile vile, lakini tuliachwa kijijini kwa bibi, tukasoma. Yeye hakuwa na wa kuachiwa. Hatukumzidi akili, tulimzidi bibi.

Hapo mzee mmoja katika sisi alitukumbusha habari za mateka wa Badr, mwaka wa 2 Hijria, yaani 624. Imepokewa katika sira kwamba waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Ikiwa kusomesha watoto kumi kulilingana na uhuru wa mtu mzima, je, sisi tuliosoma na hatujamsomesha hata mmoja, deni letu ni kiasi gani?

Yakaamuliwa mambo mawili. La kwanza halikuwa na mabishano: kila ambaye jina lake liliandikwa katika daftari la mahudhurio ni mwenzetu, ajapokuwa alisoma siku moja. La pili lilitushika mpaka Alasiri. Fedha tulizokuwa nazo zilikusudiwa fulana na karamu. Baadhi walisema fulana ndizo zitakazotutambulisha. Wengine wakauliza, zitutambulishe kwa nani, ikiwa mtoto wa leo yu dunguni kama yule wa jana? Ni kweli kwamba Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, nasi twashukuru. Lakini kufutwa kwa ada hakumfai mtoto ambaye miguu yake haifiki darasani.

Mwishowe fedha zimetengwa kwa chakula cha mchana shuleni katika miezi ya kuamia ndege, na wanachama wakaao karibu na shule wameombwa kila mmoja ampokee nyumbani mtoto mmoja ambaye wazee wake wako shambani. Saba wamekubali. Yule mwenzetu alisema, “Mchele nitaleta mimi. Nyinyi kuweni bibi.”

Enyi vijana wetu, na nyinyi wazazi, popote mlipo, litazameni daftari la shule yenu mkaulize waliokatika njiani wako wapi. Huenda mmoja wao ndiye aliyewapikia karamu yenu.

Mwenyezi Mungu atupe tawfiki ya kuitimiza ahadi hii. Amin.