Mizani kwanza, tanga baadaye

Shabiki wa Wanalizombe anayekaa jukwaani Uwanja wa Majimaji, Songea, hahitaji kuambiwa kwamba winga wa kilo 52 hapangwi beki wa kati. Akipangwa hivyo akawa anapigwa kumbo kila mpira wa juu, jukwaa halimzomei kijana. Linamzomea kocha.

Hoja hiyohiyo inahusu mashua za tanga. Mkoa wa Ruvuma una Ziwa Nyasa, na vijana wa Mbamba Bay wanakua na mtumbwi kama wenzao wa Songea wanavyokua na mpira. Mashua za tanga ni mchezo wa Olimpiki, ziwa lipo, na upepo haulipiwi. Siku wadau wa michezo wa mkoa watakapoamua kuuanzisha, swali la kwanza lisiwe boti zinapatikana wapi. Liwe hili: kijana atakayekaa ndani ana kilo ngapi?

Mfano mzuri ni ILCA, boti ndogo ya mtu mmoja iliyojulikana zamani kwa jina la Laser. Bodi yake ni ileile kwa kila mtu, urefu mita 4.23 na uzito kilo 59 hivi. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 lina 5.76, na ILCA 4 lina 4.7. Kwa makadirio ya kawaida, kijana wa kilo 50 hadi 60 na ushee anapewa ILCA 4, wa kilo 60 hadi 70 na kitu ILCA 6, na lile kubwa ni la mtu wa kilo 80 hivi.

Sababu yake ni rahisi. Upepo ukisukuma tanga, boti inainama. Kinachoizuia isipinduke ni mwili wa nahodha, anayening'inia nje upande upepo unakotoka, miguu ameinasa kwenye mkanda. Tanga kubwa ni mara moja na nusu ya lile dogo, na upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Kijana mwepesi hapo hana ujanja, atalegeza demani ili upepo upite bure. Boti inapoteza mwendo, wenzake wanampita. Upepo ukizidi, anapinduka. Akipinduka mara nne amelowa, anatetemeka, kachoka. Kesho haji, na mtaani inasemwa hana kipaji. Kumbe kipaji anacho, tanga ndilo siyo lake.

Wapo watakaosema apewe kubwa tu, atakua nalo, kama mzazi anavyomnunulia mtoto sare ya shule inayopwaya. Sare inayopwaya haimzamishi mtu. Wapo pia watakaosema basi wote wapewe dogo, ndiyo usalama. Nayo siyo dawa. Mtu wa kilo 85 na tanga la 4.7, siku ya upepo mwepesi, ataachwa nyuma hata kama ni fundi kiasi gani.

Uzuri ni kwamba jambo hili halihitaji mkoa tajiri. Kwa kuwa bodi ni moja, boti moja inaweza kuwa na matanga matatu. Kijana wa kilo 55 akimaliza zamu yake, anayemfuata wa kilo 68 anafunga tanga lake na mlingoti wake, anaingia. Mwakani yule wa kwanza akiongezeka mwili, atabadilishiwa tanga, boti ibaki ileile.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji haikusubiri. Deizy Nhaquile alishindana katika Olimpiki ya Tokyo, akarudi tena Paris 2024, kwa boti hiihii yenye tanga la kati, ambalo ndilo la wanawake kwenye Olimpiki. Hakuna aliyemwambia hajawa baharia kwa sababu tanga lake si la 7.06.

Mpira wa miguu wenyewe ulishakubali somo hili. Watoto wadogo kabisa wana mpira namba 3, wa chini ya miaka 12 wana namba 4, wakubwa namba 5. Lakini shule ikiwa na mpira mmoja tu, na huo ni namba 5, mtoto wa darasa la tatu anaupiga hauendi, halafu mwalimu anaandika kwamba hajui mpira. Ndivyo UMITASHUMTA inavyoweza kumpoteza mchezaji kabla hajafika UMISSETA.

Kwa hiyo wanaopanga michezo Ruvuma waanze na kitu cha bei ndogo: mizani. Kijana apimwe kila muhula, uzito wake uandikwe, apewe tanga linalomfaa na jaketi okozi linalombana vizuri. Ziwa Nyasa lina mawimbi makali, halina mzaha na mtu aliyezidiwa na chombo chake. Tanga likishalingana na mwili, hapo sasa wapimwe kwa ufundi, na anayeshindwa atakuwa ameshindwa kihalali.