Kuonja Pombe ya Jirani

Katika vilima vya Masisi, na hata ukishuka kuelekea msitu wa Walikale, wako watu wengi wapendao kutengeneza kasiksi kwa mikono yao wenyewe, si ya kuuza sokoni, bali ya kupokea wageni na kwa furaha ya kazi yenyewe. Watu hao huonjana pombe zao. Lakini twaona ya kuwa wengi huonja kwa adabu tu, wala si kwa kweli. Mbele ya mwenyeji husema, “Nzuri, nzuri sana,” na wakifika njiani hucheka. Adabu ya namna hiyo haimfai mtu.

Yafaa basi kuonja kwa taratibu. Desturi yataka mwenyeji anywe kwanza. Mwacheni anywe, nanyi mtazame kibuyuni. Kasiksi si angavu kama maji ya chemchemi. Ni nzito kidogo, yenye rangi ya udongo, kwa ajili ya unga wa mtama uliokaangwa. Kisha inuseni. Harufu ya ndizi mbivu ni njema, na moshi kidogo si kosa, maana ndizi zilivundikwa shimoni kwa joto la moto. Lakini mkinusa siki, jueni kwamba chombo kilikaa wazi, hewa ikaingia pamoja na wale nzi wadogo wa matunda. Kwenye joto la Walikale jambo hilo huja upesi; katika baridi ya Masisi pombe hukawia kuchachuka, hukawia na kuharibika.

Mwisho, ulimi. Ukakasi unaoshika mashavu waonyesha kwamba ndizi hazikuiva sawasawa. Utamu mwingi maana yake imetolewa mapema, nayo ni nusu mutobe bado. (Ninyi wanafunzi, fungu lenu ni mutobe huo, siku ile ile uliokamuliwa.) Pombe ikiwa nyepesi, maji yamezidi, na hapo twashauri mseme polepole, kwani labda mwenyeji alitaka itoshe wageni wote. Lakini ikinuka petroli ya bidoni, msimeze, wala msione haya kusema.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwenyeji hulalamika ya kuwa mikungu ni ileile ya mwaka jana, lakini mutobe haujazi hata nusu ya mtungi. Ndizi ni ngumu, hazikamuliki. Msiulaumu mkono wake. Ombeni kuiona migomba. Kama majani yananyauka na kuwa manjano, kama ndizi zimeiva kabla ya wakati, moja huku na moja kule, na mkizipasua mwaona madoa ya rangi ya kutu ndani, basi ni mnyauko. Ugonjwa huo waletwa na bakteria. Wataalamu waliueleza kwanza Ethiopia mwaka 1968, katika ensete, mmea wa jamaa ya mgomba. Katika Kongo ulionekana mara ya kwanza Masisi, mwaka 2001. Haumdhuru mnywaji, lakini humaliza shamba zima, nalo shamba hilo ni chakula cha nyumba na karo ya watoto.

Mgeni aliyesema “nzuri sana” akaenda zake amemwacha mwenzake gizani, na huenda shamba lake mwenyewe ndilo litakalofuata, maana wadudu hurukia ua la huyu na la yule, na panga huazimwa. Shina lililougua likatwe mpaka ardhini. Panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Chane ya mwisho ikiisha kutokea, ua dume livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Na miche ya shamba hilo asipewe mtu, hata jirani anayeiomba kwa sababu aliionja kasiksi yake mwaka jana akaipenda.