Cheti Kabatini, Kazi Mezani
Tangazo la kazi ya kuandika programu huanza na shahada, hata kabla ya kutaja kazi yenyewe. Linus Torvalds alipoutangaza mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kijana wa miaka 21, hana shahada yoyote. Ya uzamili ilikuja baadaye, na tasnifu yake ya 1997 ilihusu Linux hiyo hiyo. Kazi ilitangulia, karatasi ikafuata. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android, pengine hata ile aliyoshika afisa utumishi anayekata majina ya wasio na vyeti. Nisieleweke vibaya: wapo waliojifunza wenyewe wanaonitoa jasho. Mmoja alinionyesha mfumo wa duka, mwepesi, unapendeza. Nikafungua hifadhidata, nikakuta nywila za wateja zimeandikwa wazi kama orodha ya sokoni. (Madudu hayo nimeyakuta pia kwa waliovaa joho.) Ndiyo maana kwenye usaili cheti nakiacha kwenye bahasha. Nampa mtu kompyuta, programu iliyoharibika na dakika 40, kisha nanyamaza nione ataanza kusoma wapi.