Malipo ya kuachishwa kazi: Kaunti haina fungu, hatari i katika hesabu

KAMPUNI ya maua ya Karuturi ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2014, wafanyakazi wengi wa Naivasha walijikuta wakisubiri malipo yao bila kujua watapata ngapi. Kila shamba la Bonde la Ufa linapopunguza watu, swali hilo hurudi, na huzaa jingine: je, aliyefanya kazi Nakuru kisha akarejea kwao Kakamega au Kisii atatozwa kodi na kaunti ipi?

Jibu ni kwamba hakuna kaunti itakayomtoza. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi hutoza kodi ya mapato, mfanyakazi aliyevuka mpaka aweza kudaiwa na majimbo mawili. Hapa kwetu, Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia Serikali ya Kitaifa pekee kodi hiyo. Kaunti zina kodi za ardhi na majengo na za burudani, na zimekatazwa kutumia mamlaka yao ya kodi kwa njia inayozuia wafanyakazi kuhama kutoka eneo moja hadi jingine.

Kwa hivyo anayedai ni Mamlaka ya Ushuru (KRA), na mwajiri ndiye hukata. Hapo ndipo penye hatari.

Chukua mfano wa mchuma maua wa mshahara wa Sh20,000 aliyehudumu miaka 10. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa, kazi yake inapofutwa, angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni Sh100,000. Mhasibu akizihesabu kama mapato ya mwezi mmoja, zitafika kiwango cha asilimia 30 na kodi itakuwa takriban Sh22,400, hata baada ya nafuu ya Sh2,400.

Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato haisemi hivyo. Kwa mkataba usio na muda maalumu wala kipengele cha fidia, fidia husambazwa sawasawa katika miaka mitatu inayofuata. Kipengele kikiwepo, husambazwa kwa kiwango cha mshahara wa mwisho. Kwa njia zote mbili, mchuma maua wetu asiye na mapato mengine hafikishi Sh24,000 kwa mwezi, na hivyo hadaiwi kodi ya mapato.

Akipata kazi nyingine hesabu hubadilika, kwani mapato hayo hujumlishwa. Malimbikizo ya mshahara na likizo nayo si fidia, na yanapaswa kuandikwa kando.

Fidia ya kufutwa kinyume cha sheria, ambayo mahakama ya leba yaweza kuamuru hadi mishahara ya miezi 12, pia hukatwa makato ya kisheria.

Wakati wa kuuliza ni kabla ya kutia sahihi. Mfanyakazi adai karatasi inayotenganisha kila malipo na kuonyesha kodi ilivyokokotolewa, na ikiwa amekatwa kupita kiasi, awasilishe ripoti yake ya kodi KRA na kuomba kurejeshewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.