Safari ya Theluji Huanza na Saa ya Kurudi

MIZANI YA WIKI
Na Bakari Mwinyihaji

Kila majira ya baridi yanapofika, familia nyingi za Wakongo na Waafrika Mashariki waliohamia Kent, Tukwila na vitongoji vingine vya kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, huitazama milima ya Cascade ilivyogeuka nyeupe na kupanga kwenda kucheza huko siku moja na kurudi. Azma hiyo ni njema, kwa kuwa mlima si mali ya matajiri peke yao, wala baridi haikuumbiwa watu wa rangi moja. Hata hivyo, mipango mingi huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye skii na picha, ilhali kinachoamua kama siku itakuwa ya furaha au ya majuto ni hali ya barabara na saa ya kugeuza gari.

Kipito cha Snoqualmie, yaani mahali pa chini kati ya vilele ambapo barabara kuu ya I-90 huuvuka mgongo wa Cascade, kiko takriban kilomita 80 mashariki mwa Seattle, kwenye mwinuko wa meta 921 tu juu ya usawa wa bahari, na udogo huo wa mwinuko ndio unaowahadaa wengi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za kupanda, hivyo siku ambayo mjini kuna nyuzi 6 na manyunyu ya kawaida, kule juu kipimajoto hukaribia sifuri, na manyunyu yale yale huanguka yakiwa theluji. Kwa kuwa mawingu hayo hutoka Bahari ya Pasifiki yakiwa yamejaa unyevu, theluji yake huwa nzito na ya majimaji, kiasi kwamba wenyeji wameipa jina la utani la saruji ya Cascade, na badiliko dogo la joto hutosha kuigeuza ama kuwa mvua ama kuwa utando wa barafu, yaani maji yaliyoganda na kung'ang'ania lami.

Ndiyo maana idara ya uchukuzi ya jimbo hutangaza hali ya kipito hicho mara kwa mara, na mambo yakizidi huamuru magari yafungwe minyororo, ambayo ni wavu wa chuma unaovikwa tairi ili liume theluji. Faini ya anayekaidi inaweza kufika dola 500. Lakini mnyororo ulionunuliwa ukabaki ndani ya boksi haumsaidii dereva aliyekwama kando ya barabara, vidole vikiwa vimekufa ganzi na malori yakimpita karibu na mgongo. Magari mengi madogo huendeshwa na magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayofungwa: mnyororo hutandazwa juu ya tairi, kulabu ya upande wa ndani hushikizwa kwanza, kisha ya nje, gari husogezwa kidogo, na dereva hushuka tena kuukaza pale ulipolegea, ndipo aendelee kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Zoezi hilo linafaa kufanywa mbele ya nyumba, mchana, angalau mara moja kabla ya siku ya safari.

Barabara yenyewe nayo hufungwa, wakati mwingine kwa saa kadhaa, ili wataalamu waiangushe kwa baruti theluji iliyolundikana kwenye miteremko kabla haijaporomoka yenyewe. Tahadhari hiyo ina sababu katika historia ya milima hiyo hiyo: tarehe 1 Machi 1910, huko Wellington, karibu na kipito cha Stevens kilicho kaskazini mwa Snoqualmie, poromoko la theluji lilizisukuma bondeni treni mbili zilizokuwa zimekwama kwa siku kadhaa, na watu 96 wakafa. Kwa hiyo tangi lililojaa mafuta, mablanketi, maji ya kunywa, chupa ya chai na chakula cha ziada ni sehemu ya gharama za lazima hata kwa safari ya saa moja na nusu.

Kuhusu mchezo wenyewe, safu hii inashikilia kwamba familia ngeni ianze na sleji, yaani kibao au sahani ya plastiki ya kukalia na kuteleza, na iache skii kwa safari ya pili. Hyak, upande wa mashariki wa kipito, kuna mteremko uliotengwa kwa ajili ya sleji, na anayeegesha gari huko hudaiwa kibali kiitwacho Sno-Park, ambacho ni busara kukinunua kabla ya kuondoka nyumbani. Wapo wanaokwepa malipo hayo kwa kusimama ukingoni mwa barabara kuu na kuwaachia watoto kifusi cha theluji kilichosukumwa na matingatinga, na huo ni ubahili unaowaweka watoto hatua chache tu kutoka kwenye magari yanayoteleza.

Mavazi yanahitaji fikra zaidi kuliko fedha. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro mwaka 1848, kiongozi wake alikiita kile cheupe cha kileleni baridi tu, na jina hilo lingewafaa wasafiri wa leo kuliko neno lolote la kuusifu weupe. Suruali ya jinzi na soksi za pamba hunywa maji ya theluji nzito na kuupokonya mwili joto, wakati sufu na poliesta huhifadhi joto hata zikilowa. Juu yake huhitajika koti na suruali visivyopenyeza maji, ambavyo hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba, pamoja na glavu za akiba kwa kila mtoto. Miwani ya jua pia si pambo, maana theluji mpya huweza kurudisha asilimia 80 ya miali ya urujuanimno na kuyaunguza macho.

Atakayefikia skii, yaani mbao mbili nyembamba zinazoshikizwa kwenye buti, na aanze na mwalimu, ambaye humfundisha kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino ili mbao zifanye umbo la kabari na kupunguza mwendo. Alama za njia nazo zina maana kamili: duara la kijani ni la wanaoanza, mraba wa buluu ni wa waliozoea kiasi, na almasi nyeusi si mahali pa kujaribia bahati.

Yote haya hutegemea saa. Mwishoni mwa Desemba jua la Seattle huzama mnamo saa kumi na dakika ishirini jioni, na likishazama theluji iliyoyeyuka barabarani huanza kuganda, wakati huo huo foleni ya wanaorejea mjini ikirefuka. Familia iliyokubaliana usiku uliotangulia kwamba gari litageuzwa saa nane mchana hukuta watoto ndiyo kwanza wameuzoea mteremko, nao hulia na kuomba mara moja tu zaidi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzazi aliyeshika saa yake huwafikisha nyumbani lami ikiwa bado inaonekana, sleji zikichuruzika maji ndani ya buti la gari na watoto wamesinzia viti vya nyuma.