Unachoka Nini na Kutwa Umekaa?

Mama mwenzangu, kama unafanya kazi ya ofisini, bila shaka umekwisha kuulizwa swali hili. Mimi niliulizwa na wifi yangu mwaka 2017, siku nilipomwomba anisaidie kuinua ndoo ya maji kwa sababu mgongo ulikuwa umekaza. "Unachoka nini, wifi, na kutwa umekaa kwenye kiti?" Sikumjibu. Kusema kweli, nilidhani ana haki ya kusema. Yeye hushinda shambani ameinama juani, mimi nashinda kivulini nikiandika hesabu, feni ikizunguka juu ya kichwa.

Miezi michache baadaye nilimpeleka mwanangu zahanati kwa ajili ya kikohozi. Mwuguzi aliponiona nimejishika kichwa akaamua kunipima na mimi. Presha ilikuwa 150/95. Akaniambia nirudi siku nyingine mbili, maana presha haihukumiwi kwa kipimo kimoja. Nilirudi, ikawa vilevile. Nilikuwa na miaka 38, na watoto watatu, mdogo akiwa bado hajaanza shule.

Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma. Nilishangaa kuona kwamba jambo hili si geni hata kidogo. Daktari mmoja Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliyefariki mwaka 1714, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa yaletwayo na kazi. Makarani nao wamo. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuondoka, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa muda wote asije akakosea. Ukiondoa kalamu ya manyoya na kuweka kompyuta, huyo ni mimi.

Halafu, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi madereva. Baadaye ilionekana pia kwamba madereva walikuwa wanene kuliko makondakta tangu walipoajiriwa, kwa hiyo kiti peke yake hakikubeba lawama yote. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha kwamba kukaa sana bila kufanya mazoezi hudhuru moyo na huvuta kisukari.

Sababu yake inaeleweka. Damu iliyoshuka miguuni hurudishwa juu kwa msaada wa misuli ya miguu, hasa ile ya nyuma chini ya goti, ambayo huikamua mishipa kila unapopiga hatua. Ukikaa saa tatu bila kunyanyuka, misuli hiyo imelala. Ndiyo maana jioni viatu vinabana. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kupungua usiku, aghalabu si neno. Ila mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiusugue kwa dawa ya misuli. Nenda hospitali siku ileile, huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Sasa nikueleze siku yangu ilivyokuwa. Naamka saa kumi na moja kasoro, sinywi kitu. Saa nne ofisini chai ya sukari na maandazi mawili. Mchana chipsi na soda, nakula hukuku macho yakiwa kwenye kompyuta. Soda ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai kama vinane, nami nilikuwa nalalamika kwamba nanenepa na wala sili! Maji nilikuwa siyanywi kwa makusudi, kwa kuwa choo cha ofisi kiko ghorofa ya chini na ufunguo unakaa kwa mlinzi. Ninajua si mimi peke yangu. Akina mama wengi hujinyima maji na kubana mkojo kwa sababu ya ufunguo tu, kisha wanasumbuliwa na UTI na choo kigumu.

Daktari alinipa miezi mitatu nijirekebishe kabla ya kunianzishia vidonge. (Wewe uliyekwisha kuanzishiwa, usiviache bila kuambiwa na daktari.) Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nguo za michezo sina, na jioni nina jiko. Nikaanza kushuka daladala Mnazi Mmoja na kutembea kwa haraka hadi Posta, robo saa, na jioni vivyo hivyo kurudi. Mara mbili kwa siku, siku tano: dakika 150 kamili. Soda niliiacha, chumvi nikapunguza. Chupa ya maji naijaza nusu tu, makusudi, ili ninyanyuke kwenda kuijaza tena. Na macho yakiwasha, natazama mwarobaini ulio nje ya dirisha na kupepesa kope, kwa sababu mtu akikodolea kompyuta husahau kupepesa. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 134/86.

Kichwa ndicho kilichonishinda kwa muda mrefu. Siku moja binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona ukirudi unaongea nasi kama unatufukuza?" Neno hilo lilinikata. Ofisini nilikuwa nimemeza maneno ya mkubwa wangu kutwa nzima, na nyumbani nilikuwa nayatapikia watoto. Nilimweleza mume wangu, naye tukapatana kwamba nikifika nakaa chumbani robo saa kabla sijashika sufuria, na yeye au binti anawasha jiko. Wiki ya kwanza wali uliungua mara mbili. Nikanyamaza, nikaula.

Ofisini pia nikajifunza kudai kilicho changu. Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayenyonyesha ana hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Wengi wetu tunaziacha saa hizo kwa kuogopa kuonekana wavivu.

Wifi alikuja tena Desemba iliyopita. Kumbe naye mgongo unamsumbua, ila hakuwahi kusema. Nilimwonyesha zoezi la kulala chali na kuvuta goti moja moja hadi kifuani, tukalala wote wawili mkekani, watoto wakisimama mlangoni wanatucheka.